Paka Aliyekojolea Posa

Asubuhi niliyoondoka Makorora sikuwa na safari yoyote. Nilikuwa na mfuko wa nguo, kandambili miguuni, na ile hali inayonijia kila nikikaa mahali muda mrefu: naamka nikiitazama dari naona naijua mno. Dari ya chumba nilichopanga ilikuwa ya mbao zilizopakwa rangi ya samawati, na kila doa lake nilikuwa nimeshalipa sura ya kitu. Nikaosha kikombe, nikakunja shuka, nikatoka uani kumuaga mama mwenye nyumba.

Alikuwa ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Shikamoo, mama. Mimi naondoka."

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Sijui. Nitaanzia stendi, nione."

"Hujui kabisa kabisa?"

"Kabisa."

Akaacha kukuna. Akanitazama kama mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima kisha akaikuta iko usoni.

"Basi wewe ndiye. Ngoja hapo hapo."

Akaingia ndani, akarudi na tenga dogo la kuku lililofungwa kamba juu. Ndani yake alikuwamo paka wake, dume la kijivu, sikio moja limepasuka. Paka alinitazama kupitia matundu ya tenga kama abiria aliyepewa kiti kibaya.

"Mchukue," akasema. "Mwache popote utakapofika, penye watu wa kumpa kichwa cha samaki."

"Mama, si atarudi?"

"Paka hurudi kwa sababu anayempeleka anajua njia. Anaisoma kwake. Nilimpa muuza mkaa akamwache Maramba, amerudi hapa kabla ya muuza mkaa mwenyewe. Lakini wewe hujui kitu. Atasoma nini kwako?"

Nimefanya kazi nyingi za kubeba. Nimebeba mifuko ya saruji, matofali, na mara moja jeneza tupu. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kutojua niendako kunipatia kazi. Ningecheka, ila macho yake yalikuwa mekundu, na kukuna nazi hakuumizi macho. Nikalipokea tenga.

Ili ujue kwa nini mwanamke anayempenda paka wake amfunge tengani, itabidi nieleze habari ya posa.

Mama huyu alikuwa mjane. Mumewe alifanya kazi bandarini, na ndiye aliyemlea paka huyo tangu paka anaenea kwenye kiganja. Marehemu alipofariki, paka akahamia miguuni kwa mama. Alikuwa paka mstaarabu kuliko wapangaji. Akitaka haja alikwenda nyuma ya mpapai, akafukia, akarudi akijifuta miguu kwenye gunia la mlangoni.

Kisha akaja mchumba. Alikuwa mzee mwenye shamba la minazi Ushongo, ng'ambo ya mto Pangani, naye mkewe alikwisha kufariki. Alikutana na mama kwenye harusi ya ndugu, na tangu hapo akawa anakuja kila Alhamisi kwa adabu zote, kanzu imepigwa pasi, mkononi ameshika pakacha la madafu. Anaongea, anasali alasiri, anaondoka. Mama aliitaka ndoa hiyo, wala hakunificha. Siku moja anapika, akaniambia, "Mwanangu, nimechoka kupika kibaba cha mtu mmoja. Wali wa kibaba haupikiki, unaungua tu."

Mchumba alipokuja mara ya kwanza, paka alivimba kama brashi ya chupa. Alhamisi iliyofuata alikojolea viatu vya mzee mlangoni. Baada ya hapo akapanda daraja: mzee ameketi sebuleni anasimulia bei ya mbata, paka akampitia kwa nyuma, akageuka, akainua mkia, akainyunyizia kanzu kwenye pindo. Mwisho akaukojolea mswala. Na si mswala wowote, ni ule wa marehemu, ambao mama alimpa mgeni asalie.

Siku ambazo mzee hayupo hali haikuwa nzuri pia. Paka alijificha nyuma ya gunia la mchele. Alijilamba tumbo mpaka manyoya yakaisha, likabaki kama kidevu kilichotoka kinyozi. Akasusa chakula, hata dagaa.

Jirani yetu, mama mmoja muuza vitumbua, ndiye aliyetoa hukumu.

"Shoga, huyo si paka," alisema. "Huyo ni marehemu anakataa. Paka wake, mswala wake, mke wake. Unataka akuandikie?"

Maneno hayo yalitoka kwenye vitumbua yakafika kila baraza ya Makorora kabla ya adhuhuri. Yalimfikia na mzee wa posa, ambaye kwa bahati mbaya ni mtu wa kuogopa. Akatuma ujumbe kwamba ingefaa suala lipumzike kidogo mpaka mambo yatulie. Mama alishauriwa kuita mganga, akakataa.

"Marehemu alipokuwa hai hakunikataza kitu hata siku moja," alisema. "Leo ndiyo aanze?"

Lakini nilimwona jioni ile amekaa na sahani mbili, moja tupu.

Mimi shule niliiacha darasa la sita, lakini kitu nisichokielewa hakiniachi nilale. Nikaanza kumchunguza paka. Nilijilaza sakafuni sebuleni, shavu kwenye saruji, nione dunia anavyoiona yeye, na jirani akaingia kuomba chumvi akanikuta hivyo. Akatoka bila chumvi. Kwanza niliamini paka ana mawe ya kibofu. Nikamsukumia maji kwa bomba la sindano, akanikwaruza mpaka kiwiko. Kisha nikaamini ana wivu. Nikamshauri mama akae mbali na mchumba, kiti kimoja huku na kingine kule, wakawa wanaongea kwa kupaza sauti kama watu wa ng'ambo mbili. Paka akakojoa vilevile.

Mwishowe nilikwenda Ngamiani, kwenye duka la dawa za mifugo ambako huwa nashusha mizigo, nikamuuliza bwana mifugo. Akasikiliza huku anahesabu chupa.

"Huyo anaweza kuwa na msongo wa mawazo," akasema.

"Paka?"

"Paka na mbwa wote. Ng'ombe hukata maziwa, kuku huacha kutaga, paka hujilamba na kukojoa pasipo pake. Kitu gani kimebadilika humo ndani?"

"Mchumba."

"Basi mchunguzeni mchumba."

Nilirudi na neno hilo nikiwa nimelishika kwa mikono miwili. Nikalitoa uani mbele ya watu. Muuza vitumbua alilazimika kuketi.

"Msongo wa mawazo! Paka! Ana watoto wanasoma sekondari? Mama'ngu, mpangaji wako naye mwangalie, asije akaanza kulamba tumbo."

Na ushauri wenyewe haukuwa na pa kushikia. Mtu aliyekuja kuposa humkagui. Utamwambia nini, mzee samahani, simama nikunuse?

Ndivyo mama alivyofika kwenye tenga. Ilibidi achague, paka au mume, na akachagua huku analia na kukuna nazi.

Stendi sikufika. Njiani nilikuta Canter la barafu limeegeshwa, dereva anafunga turubai. Alikuwa Mshambaa mwenye koti zito, maana anayelala na barafu hajui joto la Tanga.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Pangani, kwa wavuvi."

"Na mimi huko huko."

Akanitazama, akalitazama tenga. "Kuku wako ana masharubu."

Nikampa habari yote njiani, maana barabara ilikuwa ndefu na paka alikuwa anaimba wimbo wa msiba. Dereva hakucheka kama nilivyotegemea. Alisema kwao Lushoto ana mbwa, na kila akifunga safari mbwa huyo huchimba shimo mbele ya geti.

"Mke wangu anasema ananichimbia kaburi. Lakini nikirudi, analifukia yeye mwenyewe kwa miguu ya nyuma. Sasa kaburi gani hilo la kwenda na kurudi?"

"Kwa nini anachimba?"

"Mimi nitajuaje? Sijawahi kubaki nyumbani nione nikiondoka."

Pangani mjini nilishuka, nikamshukuru. Pale ningeweza kumwacha paka. Samaki walikuwa tele na vichwa vyao vimetupwa ovyo. Lakini Pangani mjini ninapajua, niliwahi kubeba matofali pale msimu mzima, na nikawaza: kama mama amesema kweli, paka atakuwa ananisoma muda huu kama gazeti. Unaweza kucheka, lakini beba paka anayekukodolea macho kutwa, halafu uniambie huamini chochote. Nikaenda kwenye kivuko nivuke.

Kivukoni paka alinyamaza. Tulikuwa na mbuzi wawili, pikipiki zinazounguruma, mwanamke mwenye ndoo ya pweza, na spika ya simu ya mtu inayokwaruza. Paka aliyavumilia yote, amejikunja, macho nusu. Nikaanza kufikiri labda hana tatizo lolote ila Makorora.

Kisha akapanda bwana mmoja wa kambi za mkonge, na mbwa wake amemfunga kamba ya katani. Watu wakajisogeza, wanawake wakakusanya mabuibui. Yeye hakujali. Alikuwa Mkristo wa kutoka bara, na mbwa alikuwa fahari yake.

"Msiogope, huyu anakamata ngiri tu," akasema. "Watu hawajui."

Mbwa akaja moja kwa moja kwangu. Hakunifanya kitu. Alinusa tenga, akapiga chafya, kisha akajifuta ile pua yake yenye maji kwenye suruali yangu, chini, kwenye pindo. Mwenye mbwa akamvuta, akaniomba radhi.

Paka akasimama. Akageuka ndani ya tenga, taratibu, kama gari linalorudi nyuma kwenye uchochoro. Mkia ukainuka, ukatikisika. Akapitisha mkojo kwenye tundu la tenga, akaupiga palepale pua ya mbwa ilipogusa.

Kivuko kizima kikapiga kelele.

"Kaka, huyo paka amekuchoka!" akasema mwanamke wa pweza.

"Pole, ndugu yangu," akasema mwenye mbwa. "Umebatizwa bila padri."

Mimi sikucheka wala sikufuta. Nililitazama lile doa. Lilikuwa kwenye pindo, kimo kilekile cha kanzu ya mzee wa posa. Nikaanza kurudi nyuma kichwani. Viatu, ambavyo mbwa hunusa kwanza. Pindo, ambapo mbwa hujifuta. Mswala, ambao lile pindo liliukalia kila Alhamisi saa ya alasiri. Paka hakumkojolea mchumba, wala hakumsemea marehemu. Alikuwa anafunika harufu. Kila wiki mbwa aliingia nyumbani kwake bila kuonekana, akaketi sebuleni, akasali kwenye mswala wa baba yake, na hakuna mtu hata mmoja aliyemfukuza. Ningekuwa mimi, ningejilamba tumbo pia.

"Mzee ana mbwa," nikasema kwa sauti.

"Mzee gani?" akauliza mwanamke wa pweza.

Lakini mimi nilikuwa nimeshaingiwa na hofu. Mama mwenye nyumba wangu, kwa habari ya mbwa, hana mzaha. Mbwa akipita upande huu wa barabara, yeye huhamia upande wa pili. Niliwahi kumwona akiosha kizingiti mara saba, mara moja kwa udongo kama walivyofundishwa chuo cha Kurani, kwa kuwa mbwa wa kupita alikiegemezea pua. Mchumba alilijua hilo. Ndiyo maana hakusema. Na asiposema, ndoa inakufa kwa mkojo wa paka. Akisema, inakufa kwa pua ya mbwa.

Upande wa pili nilipanda bodaboda. Sasa nilikuwa najua niendako, na sitaficha kwamba nililifunika tenga kwa shati, paka asiendelee kusoma.

"Nipeleke Ushongo, kwa mzee mwenye shamba la minazi anayekwenda Tanga kila Alhamisi."

"Ah, bwana harusi!" akasema kijana wa bodaboda. "Yule wa mbwa."

Kumbe Ushongo nzima ilijua. Aliyekuwa hajui ni mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa anaolewa.

Nyumba ilikuwa ya matofali, bati jipya, katikati ya minazi. Mbele ya mlango mchanga ulikuwa na mashimo kama watu wametafuta bomba la maji wakakata tamaa. Mzee alikuwa ameketi barazani anatia viraka kofia ya viua iliyotoboka. Miguuni kwake amelala mbwa wa rangi ya udongo, shina la mkia halina unyoya hata mmoja, anajitafuna pale pale kwa bidii ya mtu anayekula muwa.

"Hodi hapa. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karibu." Akainua macho, akanitambua kuwa ni mpangaji wa Makorora. Kofia ikamdondoka. Akaruka wima.

"Toka! Toka!" akamfokea mbwa. "Wewe mbwa wa nani? Hawa mbwa wa watu, bwana, wanazurura tu, siku hizi hakuna utaratibu."

Mbwa akamtazama kwa mapenzi makubwa. Akaiokota kofia kwa mdomo, akaingia nayo ndani ya nyumba, na tukasikia kitanda kikilia.

Mzee akaketi tena, polepole.

"Amekutuma yeye?" akauliza.

"Hajanituma huku. Amenituma popote."

Nikamweleza, na nikaliweka tenga juu ya meza. Alisikiliza akiwa ameshika magoti. Kisha naye maneno yake yakaanza kutoka. Mbwa alimchukua akiwa mdogo, alinde nazi dhidi ya wezi na tumbili. Alilala nje, mbwa halali wa shamba. Mkewe alipofariki, masika yale nyumba ikawa kimya mno, na siku moja mvua kubwa inanyesha akamfungulia mlango. Mbwa hakutoka tena.

"Ananisikiliza," akasema. "Watu walikuja kunipa pole wakaondoka. Yeye amekaa."

Lakini tangu posa ilipoanza, mbwa naye alibadilika. Kila Alhamisi mzee akichukua kanzu kwenye msumari, mbwa hulia, huchimba mlangoni, hujitafuna mkia. Kofia zote amezitoboa. Mama aliwahi kumuuliza mzee kuhusu matundu hayo, akajibu ni panya.

"Nikasema basi, ni marehemu mke wangu," akanong'ona. "Hataki. Ukichanganya na mambo ya kule Makorora, nikaona tumekatazwa pande zote mbili."

Niliwafikiria wale marehemu wawili, kila mmoja upande wake wa mto, wametulia zao, wanasingiziwa mkojo na kofia.

"Mzee, mbwa wako anaona unaondoka na hajui kama utarudi," nikasema. "Na paka anaona anakuja mbwa asiyeonekana. Hakuna aliyekataa ndoa. Mwambie."

"Nikimwambia, posa imekufa."

"Sasa hivi iko hai?"

Akaitoa simu. Akanipa mimi, nikamrudishia. Akaiweka sauti ya juu, maana sikio lake moja ni zito, akaingia ndani asisikiwe na wapita njia. Nikamfuata na tenga.

"Bibie, assalamu alaikum."

"Waalaikumu ssalam." Sauti ya mama ilikuwa ya baridi. "Leo si Alhamisi."

"Kuna jambo nilitaka ulijue. Mimi nina mnyama."

"Mnyama gani?"

"Wa kulinda."

"Bwana, sema. Umefuga chui?"

"Mbwa."

Kisha sauti ya pili ikasikika kwa mbali, nikaijua: muuza vitumbua. "Muulize wa shamba au wa nyumba!"

Kumbe na kule simu iko sauti ya juu.

Swali lenyewe lilikuwa zito kuliko linavyosikika. Mbwa wa kulinda shamba ana ruhusa yake, kila aliyepita chuoni anaijua. Mbwa wa nyumba hana.

"Wa shamba au wa nyumba?" akauliza mama.

"Wa shamba," akasema mzee kwa nguvu zote.

Ndipo mbwa, aliyekuwa kitandani na kofia, alipoipata harufu ya tenga. Akabweka mara moja, bweko kubwa lililogonga bati na kurudi.

"Mbona sauti yake ina bati?" akasema mama. "Shamba lako limeezekwa?"

Mzee akafunika uso kwa mkono. "Ameingia sasa hivi tu. Kuna mgeni."

"Mgeni gani?"

Ikabidi niinamie simu. "Ni mimi, mama."

"Wewe! Si ulisema hujui uendako?"

"Nilikuwa sijui. Nimejulia kwenye kivuko. Paka amenikojolea."

Nikamweleza lile pindo, na pua, na mswala. Niliposema mswala alishusha pumzi kwa kishindo, na jirani akasema astaghfirullahi kwa niaba ya mtaa. Mzee akajitetea kwamba kanzu ile huivaa mara moja kwa wiki na huwa kavu. Mama akamwambia pua ya mbwa haikauki, na kwamba mzee amesujudu juu ya mbwa wake kwenye mswala wa marehemu tangu mfungo sita, na kama alitaka kumwoa angeanza kwa kumwambia nani analala nyumbani kwake. Hilo la mwisho alilisema vibaya. Mbwa akaja akamkalia mzee mguuni.

Kisha mama akaniuliza mimi, kwa sauti nyingine kabisa:

"Kwa hiyo marehemu hakusema kitu?"

"Hakusema, mama. Ilikuwa harufu tu."

Tulisikia pumzi yake, na kwa mbali mafuta ya vitumbua.

"Nilijua," akasema. "Hakuwa mtu wa kukataza."

Mzee alinitazama kama mtu anayesubiri daktari atoke chumbani. Mama akajikohoza, na alipoanza tena alikuwa yule anayejadiliana na wachuuzi wa samaki.

"Sikilizeni wote wawili. Mimi nikiolewa nitakuja kukaa huko, na paka wangu atakuja na mimi. Basi kwa kuwa ametangulia, akae. Mbwa ahamie nje, kwenye banda lake, na kila alipogusa paoshwe kama inavyotakiwa. Paka akila chakula chake, akaacha kukojolea watu, nitaipokea posa. Asipokula, nirudishieni paka wangu, na wewe, bwana, baki na msikilizaji wako."

"Mbwa ukimtoa leo kwa ghafla atajitafuna mpaka mgongo," nikasema. "Itabidi aende taratibu. Kwanza—"

"Mwanangu, sitaki habari za msongo."

"Mama, ndizo hizo zilizokojolea mswala."

Jirani alicheka. Mama alifikiri.

"Taratibu, lakini nje," akasema. "Na nani atakayenihakikishia? Huyu bwana aliniambia panya."

"Mwachie mpangaji," akasema jirani. "Si amezoea kulala sakafuni na paka!"

Hivyo ndivyo nilivyopata makazi Ushongo.

Chumba nilichopewa kilikuwa cha nyuma, kilichokuwa kinawekwa mbata. Kina harufu ya mafuta ya nazi mpaka kwenye kuta, kitanda cha kamba, dirisha lenye wavu, na mlango unaofungika, ambao ndio nilioutazama kwanza. Nilimwambia mzee kwamba hawa wawili wasionane bado. Wajuane kwa pua, kila mmoja upande wake, macho yaje baadaye. Sikuwa na hakika, lakini nililisema kama mtu mwenye hakika. Akaleta kitambaa alichomfutia mbwa, nikakiweka kona ya mbali, na sahani ya dagaa kona nyingine. Nikafungua tenga. Paka hakutoka.

Nje ya mlango mbwa alijilaza, pua kwenye upenyo wa chini. Mzee alimtengea gunia barazani, hatua chache tu kutoka mlangoni, akamkalisha hapo, akarudi ndani. Mbwa akarudi naye. Akamkalisha tena, akakaa naye huko kidogo, wakawa wanazungumza, au mmoja anazungumza.

Jua lilikuwa limeanza kulainika dirishani. Nikatundika shati kwenye msumari, nikajilaza kitandani, nikaitazama dari. Haikuwapo, palikuwa na mbao tupu na bati.

"Amekula?" mzee akauliza kupitia mlango.

"Bado."

Paka akatoa kichwa. Akanusa hewa, akakitazama kile kitambaa kwa muda mrefu sana. Masikio yakalala, yakasimama, moja likalala tena. Akatembea tumbo chini mpaka kwenye sahani.

"Sasa je?"

"Usiseme kitu, mzee."

Akachukua dagaa mmoja. Akaenda naye uvunguni, na nikasikia akitafuna.

"Amekula mmoja," nikanong'ona.

"Nimpigie?"

"Subiri. Hajakojoa bado. Tuone atachagua wapi."

Kisha nikasikia viatu vya mzee vikienda mbio barazani, ndoo ikigonga nguzo, na mbwa akimfuata nje kwenda kumchotea paka mchanga wa kufukia.